Mdhamini wa Tatu

Kalamu ya chama cha akiba ilifungwa kwa uzi mezani
isije ikaondoka na mtu.
Mimi hawakunifunga.
Nilitia sahihi mstari wa tatu, nikarudi kibandani kwangu
nikamaliza sketi mbili kabla ya mvua ya saa tisa.

Lubanga alikuwa amenionyesha hesabu
nyuma ya karatasi ya mtihani wa mwanawe:
vyumba ishirini na vinne,
kila chumba elfu nne na mia tano,
mara miezi kumi na miwili.
Likizo hakuzipa mstari.
"Hapa Lurambi, Mmbone, chuo hakihami,"
alisema.
Na kweli chuo hakikuhama.

Lori la kwanza la mchanga lilikwama kwenye udongo mwekundu
tukalisukuma wote, mkopaji na wadhamini,
matope hadi magotini, tukicheka
kama watu wa mlango mmoja.

Msingi ukala laki nane.
Mawe yakala. Nondo zikala.
Fundi Ashioya alikula asubuhi na jioni
na bado ukuta wa mashariki ukatoka umeinama kidogo
kama mtu anayesikiliza ya jirani.
Riba hakuna aliyeiona ikila,
lakini kila mwisho wa mwezi ilikuwa imenenepa.

Mabati yalipopanda, vyumba kumi vilipata watu.
Kisha wahadhiri wakagoma.
Wanafunzi wakajitwika magodoro,
wakashuka kuelekea stendi,
na jumba likabaki na paka mmoja
na bomba linalodondoka ghorofa ya pili.

Kukopa harusi, kulipa matanga,
ndivyo tulivyofunzwa.
Hakuna aliyesema mdhamini huketi hema gani.

Barua ilikuja kwa lugha safi:
akiba yako imetumika kufidia.
Laki moja na elfu themanini na sita.
Nilizijua kwa sura, moja moja.
Hizi, sketi arobaini za bluu.
Hizi, vifungo na kola, taa ikiwaka hadi saa sita.
Hizi, mwezi ule nilioliacha jino linioze
nikiogopa kuigusa akiba.

Laiti Lubanga angekimbia.
Aliyekimbia ni rahisi kumchukia.
Yeye alikuja kila Jumamosi ya mwisho na mkungu wa ndizi,
akauegemeza mlangoni, akakataa kiti,
akauliza habari za mguu wangu
akiutazama mguu.
Tulizila mbichi, tukazila kwa njugu,
mpaka wanangu wakazipa jina.
"Mama," wananiita kutoka jikoni,
"riba imeiva."

Jana hakuleta ndizi. Alileta ufunguo.
Chumba namba saba, akasema,
kodi yake iwe yako mpaka tumalizane.
Alisema haraka, kama anayetema mbegu.

Nikaenda. Chumba saba kiko upande ule wa mashariki,
nilijua tu.
Niliweka kiganja ukutani.
Ulikuwa na baridi, ulikuwa umeinama,
na ulikuwa umesimama.
Mvua ikaanza kupiga mabati nami nikapiga hesabu kwa vidole:
miezi arobaini na mmoja, na siku kadhaa,
ikiwa hapatakuwa na mgomo,
ikiwa bomba litanyamaza,
ikiwa.

Hodi.
Msichana, sanduku la bati kichwani, viatu mkononi,
maji yakimtiririka hadi kwenye sakafu yangu.
Sakafu yangu! Nilishtuka kuiita hivyo.
"Mama, naweza kulipa nusu sasa?
Nusu nyingine mkopo wa chuo ukitoka."

Utatoka lini?
"Wamesema hivi karibuni."

Nilimtazama kwa muda,
kama nilivyotazamwa siku ile, labda,
na yule karani aliyenisogezea fomu.
Nikamwambia aweke sanduku chini.
Nikapekua mkobani, kati ya uzi na tepu ya kupimia,
nikaipata kalamu.
Hii haikufungwa popote.